SI KILA MAITI NI YA SUMU

Ndugu msomaji, wewe wa Butembo, wa Beni, na wewe kijana uliye machimboni Mangurejipa.

Unajua maneno ya matanga. Mzee ameumwa tumbo, amekonda, ametapika damu, amekufa. Kaburi halijakauka, mtu ananong'ona: "Balimupatia sumu." Jirani anaonyeshwa kidole. Leo ninakuomba: tupime neno hilo.

Tangu zamani waganga wameona kansere ya tumbo kwa wingi katika milima ya Kivu na Rwanda. Mara nyingi inaanza na mikrobe, Helicobacter pylori, inayoingia mtu akiwa mtoto. Mwaka 1984 muganga Barry Marshall wa Australia aliinywa mwenyewe, akaugua tumbo kweli. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa zawadi ya Nobel.

Mikrobe hiyo inachubua tumbo miaka na miaka. Chembe za mwili zinajitengeneza upya kila mara, na maandishi yaliyo ndani yake, yaani jeni, yanaingia makosa. Makosa yakizidi, chembe hazitii tena. Hiyo ndiyo kansere. Watu wachache wanazaliwa na kosa: mwaka 1998 kosa la jeni CDH1 liligunduliwa katika jamaa ya Wamaori, New Zealand, waliokuwa wakifa kizazi kwa kizazi. Kwetu wangesema ukoo umelogwa!

Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma jeni za kansere 295 za tumbo, wakakuta aina 4. Wewe muchimbaji unaelewa: dhahabu na koltani hazisafishwi kwa njia moja. Kansere yenye alama ya HER2 kwa wingi ina dawa yake, trastuzumab. Nyingine inasikia dawa zinazoamsha askari wa mwili.

Vipimo vya jeni ni vya bei, viko mbali na wengi wetu. Lakini mikrobe inapimwa, tena inatibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Basi, tumbo likiuma majuma mengi, ukikonda, ukitapika damu ao choo kikiwa cheusi kama lami, usikae na vidonge vya sokoni. Nenda hospitali, uliza kipimo cha mikrobe na kamera ya tumbo. Punguza chumvi, acha tumbako.

Na jirani yule? Kabla ya kumusingizia, uliza kwanza muganga alikuta nini. Kusingizia nako kunaua.

Muchungaji wenu