Gari Lililolala Miaka Thelathini Haliamshwi kwa Ufunguo

Gari la zamani likifunuliwa turubai, washauri hujaa gerejini kabla ya vumbi kutua. Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana hapa Nairobi, familia moja ilipotuita tufungue mlango uliokuwa umefungwa tangu katikati ya miaka ya 1990. Ndani mlikuwa na Datsun 240Z ya marehemu baba yao. Walitaka kuliona gari likitembea tena, na siku hiyohiyo majirani, shemeji na mafundi wapita njia walikwishatoa maagizo ya kutosha kuliua.

Kwa wasiolijua gari hili, Nissan ililitoa Japani mwishoni mwa 1969, na huko liliitwa Fairlady Z. Lina viti viwili, boneti ndefu, na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Huku kwetu sifa yake ilitoka kwenye matope. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena na 240Z. Ukilikuta gari la namna hii limelala chini ya turubai, umekuta kipande cha historia ya barabara zetu. Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikisikia madai haya sita.

Dai la kwanza: "Halijatembea, kwa hiyo halijachakaa."

Kilomita hupima gari linalotembea. Lililosimama lina uchakavu wake, nao ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na unyevu huo huotesha kutu ndani ya silinda za breki, mahali ambapo jicho halifiki. Maji ya radieta yaliyokaa bila kubadilishwa huila alumini ya silinda hedi. Oili huchuruzika yote ikarudi chini na kuziacha kuta za silinda zikiwa kavu. Sahani ya klachi huganda kwenye chuma kinachoibana. Panya nao hawapumziki, hutafuna nyaya na kujenga viota kwenye kichujio cha hewa.

Tairi za gari lile zilikuwa na meno mazuri, na shemeji mmoja akasema zitafaa mwaka mzima. Tulizipangusa ubavu tukatazama tarehe. Tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 huwa na tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Zile zilikuwa na tarakimu tatu, maana yake zilitoka kiwandani kabla ya hapo. Mpira wa umri huo huonekana mzima mpaka siku unapopasuka ukiwa mwendoni. Tulizibakiza kwa kazi ya kulisukuma gari gerejini tu.

Dai la pili: "Weka betri na petroli mpya, piga stata, litawaka."

Huenda likawaka kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu, stata itazilazimisha, nazo zitavunjika au kuchana silinda. Dakika moja ya furaha hugeuka ovahoo ya injini nzima.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Tulifungua plagi zote sita. Ndani ya kila silinda tulimimina oili nyepesi kiasi cha kijiko, tukafunika mashimo kwa vitambaa safi, tukaiacha injini kwa siku kadhaa. Tulifungua kifuniko cha valvu na kuilowesha kamishafti kwa oili. Kisha, gia ikiwa huru, fundi alitia spana kwenye boliti ya mbele ya krankishafti akaizungusha kwa mkono, bila kujaribu nguvu. Mara ya kwanza haikusogea. Akaacha, akaongeza oili, akarudi kesho yake. Siku ya tatu ilisogea upana wa kidole, na gereji nzima ikanyamaza. Jioni ilikuwa inazunguka mzunguko kamili.

Kabureta zake mbili tulizifungua mezani. Petroli ya zamani ilikuwa imekauka chini ya bakuli la kuelea ikawa utando wa rangi ya kahawia, mgumu kama vanishi, na vitundu vya kupitishia mafuta vilizibwa kabisa. Kutia petroli mpya juu ya uchafu ule ni kuusukuma mbele. Tanki nalo lilikuwa na vumbi la kutu, kwa hiyo injini ilipowashwa kwa mara ya kwanza ilikunywa kutoka kwenye dumu safi lililofungwa pembeni. Na hata siku hiyo haikufika kabla breki hazijafunguliwa, kusafishwa na kutiwa mipira mipya. Gari lisiloweza kusimama halina haki ya kuwaka.

Dai la tatu: "Anza na rangi, watu waone kazi imeanza."

Dai hili limekula pesa za watu wengi. Mabati ya Datsun za enzi hiyo ni membamba, na kinga yake dhidi ya kutu ilikuwa ndogo. Kwenye 240Z tunajua pa kutazama kwanza: chini ya betri, ambako asidi hudondoka miaka nenda miaka rudi, sakafu ya miguuni, mihimili inayopita chini ya sakafu hiyo, kingo za chini ya milango, na sehemu ya nyuma chini ya mlango wa buti.

Kwa nje gari lile lilipendeza. Fundi bodi alichukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa akaitembeza juu ya rangi. Karibu na tairi la nyuma la kushoto ikaacha kushika. Palikuwa na puti iliyofunika tundu, kazi ya fundi wa zamani. Kisha akainua betri na kugusa bati la chini yake kwa bisibisi. Hakusukuma, aligusa tu, bisibisi ikatokea upande wa pili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na rangi mpya juu ya kutu ni kuficha maradhi. Kutu haihitaji hewa nyingi, itaendelea kula chini ya rangi, na mwaka wa pili malengelenge yatatokea.

Kazi ya haki ni kukata bati bovu mpaka kufika kwenye chuma kizima, kuchomelea bati jipya la unene uleule, kupaka kinga ndani na nje, halafu ndipo uzungumze habari za rangi. Bodi ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya bajeti. Anayeanza na rangi hulipia rangi mara mbili.

Dai la nne: "Spea zake hakuna, chomeka injini ya kisasa."

Wanaosema hivi hawajaitazama injini yenyewe. Injini ya 240Z inaitwa L24. Ndugu yake mdogo ni L16 ya silinda nne, ile ya Datsun 1600 SSS ambayo Herrmann huyohuyo alishindia Safari mwaka 1970. Upana wa silinda ni milimita 83 katika zote mbili, na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7 katika zote mbili. L24 ni L16 iliyoongezwa silinda mbili. Kwa hiyo fundi aliyekwisha kuitia mkono L16 hapotei akiifungua hii, maana ni ukoo mmoja. Isitoshe, 240Z iliuzwa kwa wingi sana Marekani, na mpaka leo kuna watu wanaotengeneza mipira, gasketi, mabati na vifaa vya breki vyake. Kuagiza kunachukua muda na pesa, nakubali. Lakini "ghali" na "hakuna" ni maneno mawili tofauti.

Kuna jambo lingine. Nambari ya injini hupatikana pia kwenye kibamba kidogo ndani ya chumba cha injini, pamoja na nambari ya chasisi. Zikioana na zile zilizo kwenye injini na chasisi yenyewe, gari lina ushahidi kwamba moyo wake ni ule liliozaliwa nao. Ukiing'oa injini hiyo na kuiuza kwa chuma chakavu, hakuna fundi duniani atakayekurudishia ushahidi huo.

Dai la tano: "Petroli ya siku hizi haina risasi, itaua valvu."

Hofu hii ina chanzo cha kweli. Risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu kwenye injini za zamani ambazo viti hivyo vilichongwa moja kwa moja ndani ya chuma cha hedi. Hedi ya L24 ni ya alumini, na viti vyake vya valvu ni pete zilizopachikwa. Afrika iliyo kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwaka 2006, na injini za L zimeendelea kufanya kazi. Kagua valvu ukiwa umeshafungua hedi, kisha endesha.

Dai la sita: "Lazima ling'ae kama limetoka kiwandani leo."

Gari lililoshinda Safari ya 1971 bado lipo, limehifadhiwa na Nissan yenyewe huko Japani. Bodi yake ina mikunjo na michubuko ileile iliyoipata njiani. Kampuni yenye uwezo wa kulinyoosha na kulipaka rangi imechagua kuliacha na makovu yake, kwa sababu makovu ndiyo habari.

Kutu lazima iondoke, breki lazima zikamate. Lakini usukani uliolainishwa na viganja vya mzee, ufa mdogo wa dashibodi, kibandiko cha bima ya zamani kwenye kioo, vina kosa gani? Familia ile ilitaka kubadili viti vyote. Tulivisafisha na kushona palipochanika. Binti mkubwa wa marehemu alipoketi upande wa abiria alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa nakaa."

Kenya hairuhusu tena kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Magari ya aina hii yaliyobaki katika gereji zetu ndiyo tuliyonayo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna gari lililolala, leo usiliwashe. Fungua mlango hewa ipite, lipige picha kila upande, andika nambari ya chasisi na ya injini, tafuta kadi yake, na waulize wazee waliopanda humo wangali hai. Kisha mwite fundi atakayeanza kazi kwa kutazama, na umwache atazame.