Kiuno Kiko Wapi?

Kila nguo ya harusi inapofika hapa Kakuma ikakataa kufunga zipu, tunasikia wimbo uleule: mtandaoni ni wezi watupu, wanashona nguo za watoto, tumeliwa. Mimi nasema hapana. Wezi wapo, sikatai, na picha za uongo zipo. Lakini nguo nyingi tunazozilaani zimeshonwa sawasawa kabisa na namba tulizotuma sisi wenyewe. Namba ndizo zilikuwa uongo.

Angalieni kamati zetu za harusi. Jumapili tatu watu wanabishania rangi ya kitenge cha wasimamizi, nani atapika, soda kreti ngapi. Ikifika nguo ya bibi harusi, ile iliyokula pesa za chama na za kaka aliye Marekani, mtu anasema tu, "Ah, yeye ni M." M ya nani? M si kipimo. M ya duka moja ni S ya duka lingine, na nguo za harusi mara nyingi zina saizi ndogo kuliko gauni la kila siku. Dada anayevaa 12 anaweza kujikuta kwenye 14 au 16. Hajatukanwa. Ni jedwali la muuzaji, na kila muuzaji ana lake.

Halafu kuna hili la kiuno. Katika Kiswahili chetu neno hili moja linabeba sehemu mbili. Mwambie shangazi apime kiuno, atazungusha utepe pale kitenge kinapofungwa wakati wa kucheza, yaani kwenye nyonga. Muuzaji hataki hapo. Anataka pale pembamba, juu kidogo ya kitovu, mahali mwili unapokunjika ukiinama upande. Nyonga ni kipimo kingine, kama sentimita 20 chini yake, pale makalio yalipojaa zaidi. Ukiandika nyonga kwenye nafasi ya kiuno, gauni litakuja na tumbo la gunia, na fundi wetu wa sokoni ndiye atakayeitwa mjinga akishindwa kuliokoa.

Inchi na sentimita je? Utepe wa fundi una pande mbili, huku unafika 60, huku unafika 150. Nimeona kwenye karatasi moja, ya mtu mmoja, kifua 38 na kiuno 76, bila neno lolote kando. Nguo nyingi za aina hii zinashonwa China, katika miji kama Suzhou na Chaozhou. Yule anayekata kitambaa kule hajakuona, hamjui mama yako, hawezi kubahatisha kwa huruma. Anakata alichoandikiwa.

Sasa, bibi harusi asijipime mwenyewe. Ukiinua mkono au ukiinama kusoma namba, mwili umeshabadilika. Apimwe na mtu mwingine, amevaa sidiria ileile ya siku ya harusi, bila sweta, utepe ukiwa sawa mbele na nyuma, haubani wala haulegei. Urefu unaanzia kwenye kishimo cha shingo hadi chini, akiwa amesimama mguu peku kwenye sakafu ya saruji, si kwenye mchanga wenye mteremko. Kisigino cha kiatu kinaandikwa peke yake, kama muuzaji anakiuliza peke yake. Vipimo vikiangukia saizi mbili, chukua kubwa. Fundi anaweza kupunguza. Kuongeza kitambaa ambacho hakipo, hapana.

Mtu ataniambia, isipotosha si tunarudisha? Turudishe wapi, kwa anwani gani? Mzigo unafikia Nairobi kwa ndugu au wakala, unapanda basi mpaka Kitale, Lodwar, ndipo uje huku. Wewe huwezi kuufuata bila kibali cha kusafiri. Ukija kuufungua, siku za kurudisha zimekwisha. Na nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako wauzaji wengi hawaipokei tena, hata ungekuwa unaishi mlango wa jirani.

Kuna mambo mawili tunayaonea aibu, na aibu hiyo inagharimu. La kwanza ni njaa. Posho ilipokatwa mwaka 2025, miili ilipungua, kila mtu aliona. Vipimo vya miezi minne iliyopita si vyako tena. La pili ni mimba. Kama ipo, mwambie huyo mmoja anayekupima, basi. Ndiyo maana napinga kabisa tabia ya kumwaga vipimo vya msichana kwenye kundi la WhatsApp la kamati, wakwe na mashemeji wote wakisoma kifua chake. Akijua vitasomwa na watu sitini, atadanganya. Nani asingedanganya?

Na kaka zetu mlioko ng'ambo, mnaopenda "sapraizi": asanteni kwa pesa, kweli kabisa. Lakini kumkadiria dada yako kwa picha ya miaka mitano iliyopita si upendo. Mpigie simu umuulize.

Ndugu wa mashirika, najua mnaombwa kubeba hizi bahasha kutoka Nairobi, na wengine mnajiuliza kwa nini mtu wa kuchangiwa chakula ananunua shela. Kwa sababu anaoa. Mnafundisha vijana wetu cherehani, vizuri. Waongezeeni wiki moja ya kupima mwili na kusoma majedwali ya saizi, maana kazi hiyo ipo na italipwa. Fundi akilipwa shilingi 200 kupima na kuandika karatasi safi, na sahihi yake chini, tumeokoa maelfu. Sasa hivi tunamtaka apime bure halafu tunamlaumu bure.

Wengine watasema nguo yote ashone yeye. Ashone, nitapiga vigelegele. Lakini bibi harusi akitaka ile ya picha, ni siku yake.

Na kama pesa imeshatumwa na namba zilikadiriwa, mwandikie muuzaji leo hii, usingoje kikao cha Jumapili. Kabla hajakata kitambaa anaweza kukubali namba mpya.