Koor ya Ngamia na Masikio ya Mgeni Rasmi

Katika tamasha la muziki la shule lililofanyika hapa Garissa hivi karibuni, tuliketishwa juani tangu saa mbili za asubuhi kumngoja mgeni rasmi ambaye, kama ilivyo ada ya wageni rasmi wote niliopata kuwangoja katika umri wangu, aliwasili saa tano, hana haraka wala udhuru. Aliposimama kunena, baada ya kuwasifu watoto kwa sauti zao, alitamka maneno yaliyoniondolea ladha ya siku nzima: ya kwamba si ajabu watoto wa Kaskazini Mashariki kuimba kwa makofi na vinywa vitupu, maana mfugaji ni mtu wa kuhama, na mtu wa kuhama hakujaaliwa ala za muziki. Hadhira ikashangilia. Walioshangilia kwa nguvu zaidi walikuwa walimu wenzangu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko hotuba yenyewe.

Mheshimiwa huyo alikuja kwetu kwa kuvuka daraja la Tana, na robo saa kabla ya kunena alisimama wima, kifua mbele, ukiimbwa wimbo wa taifa, ambao lahani yake ilitwaliwa mwaka 1963 katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, nao Wapokomo ni watu wa mto ule ule aliouvuka asubuhi. Mtu aliyetoka kuusimamia wimbo wa ukingo mmoja wa mto akaja ukingo wa pili kuhukumu kuwa hapana kitu ila makofi, huyo masikio yake ameyaacha garini.

Nakiri kuwa mimi mwenyewe, nilipohamishwa kutoka Lamu nilikozaliwa kuja kusomesha huku, miaka ishirini na mitatu iliyopita, nilikuja na dhana hiyo hiyo mzigoni, tena nikijiona mstaarabu kwa kuwa nayo. Iliniondoka siku moja tu, katika soko la mifugo, mbele ya mzee mmoja aliyetandika mkeka na kupanga juu yake koor sita. Koor ni kengele ya mti avikwayo ngamia shingoni, hasa yule anayeongoza wenziwe au mwenye tabia ya kutanga: kipande cha mti mgumu kilichofukuliwa ndani kikawa mvungu, na ndani yake zikaning'inizwa kwa kamba ndimi za mti vilevile. Akaja mnunuzi, mzee kama muuzaji. Hakutazama nakshi wala hakuuliza bei. Alitwaa ya kwanza, akaitikisa mara moja karibu na sikio, akaiweka. Ya pili kadhalika. Ya tatu aliitikisa huku amefumba macho, kisha akairudisha kwa masikitiko, akasema, “Hii inalia kama ya jirani yangu.”

Nikamwuliza, “Adeer, kwani zina tofauti?”

“Mwalimu,” akanijibu bila ya kunigeukia, “mama yako na shangazi yako wakikuita gizani, hutawapambanua?”

Muuzaji akachomoa kisu, akakwangua ndani ya mdomo wa kengele nyingine, unga wa mti ukamdondokea magotini, akatikisa, akakwangua tena, akatikisa, na yule mwenziwe kimya, kichwa amekiinamisha upande, hata ikafika mahali akainua kidole na kusema, “Wacha hapo.” Hapo ndipo ilipoanza habari ya bei, nayo ikachukua muda mrefu kuliko kukwangua.

Basi nawauliza wenye elimu ya muziki: mtu akwanguaye mti mpaka sauti yake ifikie pale sikio linapoitaka, asipitilize wala asipungukiwe, kisha akaambiwa “wacha hapo”, amefanya nini ikiwa hakutengeneza ala? Fundi wa udi afanya lipi jingine? Mimi sioni tofauti ila ya kuwa fundi wa udi hukaa dukani kivulini na huyu hukaa vumbini, na katika nchi yetu mambo yafanywayo vumbini hayapewi jina mpaka aje mgeni kuyabatiza.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa shahada mbili, alinikatiza niliposema hayo kwa hoja aliyoiona ni burhani kuu, ya kwamba koor si ala kwa sababu aipigaye ni ngamia. Kwa kanuni hiyo, ndugu yangu, kile kinanda cha umeme kinachopigwa katika harusi zetu, ambacho kijana hukibonyeza kitufe kimoja kisha akaendelea kutafuna miraa na kutazama simu yake huku mashine ikijipigia yenyewe mpaka saa tisa za usiku, jenereta inanguruma na maspika yanatikisa mabati ya mtaa mzima, nacho kisiitwe ala; na kwa hilo nakuafiki, tena naomba liandikwe katika sheria za kaunti. Ngamia walau hutembea kwa mwendo wenye mizani.

Wengine husema kengele ni kitu cha ufugaji, na ufugaji si sanaa. Na wasikie. Gustav Mahler, mtunzi mkubwa wa Austria, katika simfoni yake ya 6 iliyopigwa mara ya kwanza mjini Essen, Ujerumani, mwaka 1906, alitaka zipigwe kengele za ng'ombe, zile zile za machungani, miongoni mwa fidla na matarumbeta, na mpaka leo watu hulipa fedha nyingi na kuvaa suti nyeusi kwenda kuzisikiliza wakiwa hawathubutu kukohoa. Kengele ya ng'ombe wa milimani Ulaya ni muziki. Kengele ya ngamia wa Modogashe ni zana. Nani aliyeigawa dunia hivi? Hata kwetu Lamu tuna siwa, ile baragumu kubwa iliyokuwa ikipulizwa katika arusi na shughuli za wakuu, nayo yatoa sauti chache mno. Walakini hapana mwana wa Lamu aliyepata kuambiwa kuwa siwa si ala kwa uchache wa sauti zake. Imewekwa katika jumba la makumbusho, na wageni huishangaa. Koor nimeiona Nairobi, katika mkahawa, imetiwa balbu ndani ikafanywa taa.

Na kuna sifa moja ambayo mimi naihesabu kuwa ni dharau iliyovishwa joho. Tangu Richard Burton alipochapisha habari za safari yake mwaka 1856 na kuandika kuwa nchi ya Wasomali imejaa washairi, kila aandikaye juu ya watu hawa hulirudia neno hilo kana kwamba amelizua yeye, na kila wanaposifiwa ndimi hupokonywa mikono. Laiti wangemkumbuka Abdullahi Qarshe, anayeitwa baba wa muziki wa Kisomali wa zama hizi, ambaye alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, akakulia Aden, na akaushika udi, ambao Wasomali huuita kaban, na kuufanya utumikie mashairi ya lugha yake. Moshi! Bara letu hili hili la Waswahili. Mara ngapi nimelitaja jina hilo mbele ya wanafunzi wa hapa Garissa wakanitazama kama nimetaja mfalme wa Uchina. Wale wasemao kuwa nyuzi zote ni haramu wana majlisi yao na kitabu chao, nami sina hamu ya kuingia katika hitilafu za maulamaa; namjibu mgeni rasmi, ambaye hakusema ni haramu, alisema hakuna.

Hakuna, hali ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo wa mto huu, ilinyang'anywa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo imo ghalani mwa British Museum, London, wenyewe wakiidai. Mtu hunyang'anywa kitu asichokuwa nacho?

Koor ile ya jirani, baada ya kukataliwa mara ya pili na mnunuzi mwingine, niliinunua mimi, na imetundikwa juu ya mlango wangu. Ukivuma upepo wa kusi hulia, na mke wangu husema ngamia wetu amerudi. Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikuja kuiomba kwa tamasha lijalo, nikampa kwa furaha, nikajaza fomu mwenyewe, na penye nafasi ya “ala itakayotumika” nikaandika kwa hati nzuri: koor, moja, ya mti. Fomu imerudi jana kutoka ofisini. Mtu amelipigia mstari neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuuliza pembeni kama nilikusudia kuandika kwaya.

Nimeijaza upya, kwa herufi kubwa.