Aliyebeba jenereta naye ana jina: siri ya filamu ambayo haisimuliwi

KPANDROMA (Djugu, Ituri) – Jioni, baridi ya milimani ikianza kuuma, vijana wa Kpandroma hukusanyika mbele ya nyumba ya video, na kabla hata jenereta haijawashwa mabishano yamekwisha kuanza. Mmoja anasema yule nyota aliyeruka kutoka ghorofani si yeye, ni mtu mwingine aliyevaa nguo zake. Mwingine anasema ile mvua ni maji ya mpira. Wa tatu, aliyebakiwa na mega kidogo kwenye simu, anawasomea wenzake "siri za filamu": nani aliugua, nani alikataa kuigiza, nyoka gani alikuwa wa plastiki.

Mabishano hayo hayana ubaya. Ni elimu, na kijana anayejua kwamba filamu hutengenezwa hadanganywi kirahisi. Ubaya uko kwenye siri zenyewe, maana zimechaguliwa. Zinasimulia tumbo la nyota na chupa yake ya wiski. Hazisimulii mgongo wa aliyebeba mizigo.

Wiski, miruba na kasisi ambaye hakufika

Mfano hauko mbali, uko ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston na mtayarishaji Sam Spiegel walileta Afrika nyota wawili, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, kupiga filamu ya The African Queen. Sehemu moja ilipigwa Kongo, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, mji ambao leo unaitwa Ubundu, upande wa Kisangani. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba. Butiaba iko kwenye Ziwa Albert, ziwa lile lile linalowalisha wavuvi wa Tchomia, Kasenyi na Mahagi-Port. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo, na hakupata nyingine maishani mwake.

Siri za filamu hiyo zimesimuliwa zaidi ya miaka sabini. Watu karibu wote waliugua tumbo isipokuwa Bogart na Huston, ambao inasemwa walikunywa wiski badala ya maji. Hepburn, aliyewasema kwa ulevi wao, alikunywa maji na akaugua vibaya. Robert Morley, aliyeigiza mmisionari anayekufa mwanzoni, hakukanyaga Afrika, maana sehemu yake ilipigwa Uingereza. Pale Bogart na Hepburn wanapoingia majini kuvuta mashua, maji yale ni ya tangi la studio Uingereza, kwa sababu maji ya huku yalionekana kuwa na hatari. Na ile miruba iliyomng'ang'ania Bogart? Inasimuliwa kwamba aliikataa, akabandikwa ya mpira, na mruba wa kweli ukawekwa kwenye kifua cha mtu mwingine.

Ni hadithi tamu, na kijana akizisoma anacheka, kama ilivyo haki yake. Lakini akimaliza kucheka aulize swali moja: kambi ya watu wale msituni ilijengwa na nani?

Kamera za rangi za wakati ule zilikuwa nzito mno. Jenereta ilielea kwenye chelezo chake. Kamera na taa zilikuwa na chelezo chao. Vyote vilivutwa kwa msururu juu ya mto. Mtu alikata miti ya vyelezo vile. Mtu alisafisha msitu, akasimamisha vibanda, akachota maji, akapika, akabeba masanduku. Hao hawakutoka London. Lakini soma orodha ya waigizaji inayopita kwenye pazia: hakuna jina hata moja la Mwafrika, ingawa filamu inaanza na kanisa lililojaa Waafrika.

Mtu wa Djugu alitazame vizuri kanisa hilo. Wamisionari wawili wanaimba kwa nguvu, na waumini weusi wanaguguma sauti zisizo na wimbo, kana kwamba hawajapata kusikia muziki. Yeyote aliyewahi kupita mbele ya kanisa la CECA 20 au la Katoliki siku ya Jumapili, akasikia kwaya, anajua uongo huo una ukubwa gani. Kuimba vibaya hakukutoka kwa watu wale. Kuliandikwa katika filamu ili mtazamaji wa mbali acheke. Kama kuna siri ya kusimulia, basi ndiyo hiyo.

"Waliambiwa waangalie mashua"

Kuna hadithi nyingine inayopendwa sana. Inasemwa kwamba usiku mmoja mashua ilizama mtoni. Wafanyakazi wa huko walikuwa wameambiwa waiangalie, nao wakaiangalia, mpaka ikazama. Wasomaji wa Ulaya na Marekani wanaicheka hadi leo.

Anayesema Kiswahili hahitaji kufika chuo kikuu kuona kasoro ya hadithi hiyo. "Angalia" ina maana ya kutazama, na ina maana ya kutunza. Mama akimwambia binti yake "mwangalie mtoto," hamaanishi amkodolee macho. Kwa hiyo ama waliopewa kazi hawakuelezwa kwa lugha yao kwamba mashua ikivuja maji yachotwe, na kosa ni la aliyetoa amri. Ama walielezwa, na mashua mbovu ikazama kama mashua mbovu zinavyozama. Pande zote mbili, aliyechekwa siye mwenye kosa. Na watu waliokuwa pale waliulizwa lini upande wao?

Lipo jambo moja linaloonyesha kwamba majina hayapotei yenyewe. Mwaka huo huo wa 1951, Mwingereza kijana aliyeitwa Colin Turnbull, ambaye baadaye alipata sifa kwa kuandika juu ya Wambuti wa Epulu, teritware ya Mambasa, aliajiriwa na Spiegel kusaidia kutengeneza na kusafirisha mashua ya filamu. Hakuwa nyota wala fundi mkubwa, alikuwa msafiri aliyetafuta kazi. Jina lake limehifadhiwa. Waliofanya kazi kando yake wanaitwa "wenyeji", basi.

Mashua nayo imetunzwa kuliko watu. Ilijengwa Uingereza mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, ikafanya kazi ya kubeba watu na mizigo upande wa Ziwa Albert na Nile. Leo iko Key Largo, Florida, Marekani. Ilitengenezwa upya mwaka 2012, na watalii wanalipa kupanda.

Vita vya kweli vilikuwa na wabebaji vilevile

Filamu ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na riwaya iligusa vita vya kweli vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town mpaka ziwani kupitia Katanga. Reli ilipokatika, mashua zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya Waafrika waliopasua njia na kujenga madaraja. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, haikulipuliwa kwa bomu la kutengeneza nyumbani kama filamu inavyoonyesha. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Basi watu walivuta mashua wakati wa vita, wakasahauliwa. Miaka thelathini na sita baadaye wengine wakavuta mashua ya filamu juu ya vita hivyo, nao wakasahauliwa. Hiyo si bahati mbaya. Ni desturi.

Ituri ilikwisha kuonja

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Ubundu na Uganda. Mwaka 1932 ilitoka filamu ya Congorilla, ya Wamarekani Martin na Osa Johnson. Walipiga picha za Wambuti hapa katika msitu wa Ituri. Waliwapa biringi za tumbaku na mapulizo ya watoto, wakawachezea muziki wa jazi kwenye gramafoni, kisha wakapiga filamu ya "maajabu" waliyoyaleta wao wenyewe. Mtazamaji wa New York aliambiwa anaona maisha ya msituni. Alichoona ni mchezo wa wageni.

Katika safari hiyo walikamata pia sokwe wakubwa wawili wachanga mashariki mwa Kongo. Mwaka 1931 wanyama hao walifikishwa kwenye hifadhi ya San Diego. Walipewa majina, Ngagi na Mbongo, na tarehe zao za kufa zimeandikwa. Msomaji apime mwenyewe: majina ya sokwe yanajulikana, na ya Wambuti waliochezeshwa mbele ya kamera, nani anayajua?

Wengine siku hizi hawasumbuki hata kuja. Filamu ya Congo ya mwaka 1995 ilitafuta msitu na volkano yake Costa Rica, na sokwe wake walikuwa watu ndani ya mavazi. The Legend of Tarzan ya mwaka 2016 inasimulia Kongo ya Leopold, lakini ilipigwa studioni Leavesden, Uingereza, na mandhari zikachukuliwa Gabon. Jina la Kongo linauza tiketi. Mkongomani si lazima awepo.

"Ni burudani tu"

Watatokea wa kusema: hiyo ni burudani tu, mnatafuta ugomvi kwenye sinema. Wengine watasema wale watu walilipwa siku ile, basi yameisha.

Jibu la kwanza: mwashi akilipwa, nyumba inabaki ya mwenyewe, lakini hakuna anayesema nyumba ilijijenga. Jibu la pili: watu wa filamu wanaweza kutaja majina wakitaka. Pale Wakaliga, mtaa wa Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ambazo hazifiki dola mia mbili. Silaha zao ni vyuma chakavu, na kompyuta aliiunganisha mwenyewe kwa vipande. Siri hizo wanazisimulia wenyewe, kwa kujisifu, na kila fundi anajulikana. Dieudo Hamadi wa Kisangani, katika En route pour le milliard ya mwaka 2020, aliwafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita wakishuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Ndani ya filamu hiyo mtu aliyekatwa mguu ana jina, ana hasira na ana hoja.

Kamera zinaendelea kuja

Jambo hili si la makumbusho. Djugu imepita miaka ya vita, na kambi za wakimbizi wa ndani zimeona wageni wengi wenye kamera. Kila anayejua kazi hiyo anajua tukio hurudiwa. Mama anapoombwa apite tena na jerikani yake kwa sababu mwanga haukuwa mzuri, anafanya kazi ya mwigizaji. Mtoto anapoombwa asicheke, anafanya kazi ya mwigizaji. Je, ameambiwa picha inakwenda wapi? Ameulizwa kama anakubali? Ataiona siku moja?

Kwa hiyo Kpandroma na vijiji vya jirani wana haki ya kudai mambo manne kwa yeyote anayekuja kupiga picha, awe mgeni au mtoto wa hapa. Aeleze kazi yake kwa lugha inayosikika, Kiswahili au Kilendu au Alur, kabla ya kuwasha kamera. Amlipe anayefanya kazi, hata kama kazi yenyewe ni kubeba betri. Aandike majina ya wanaokubali kutajwa, na afiche ya wanaohofia usalama wao. Na filamu ikiisha, airudishe, ionyeshwe mahali ilipopigwa. Mashefu wa vijiji na kamati za kambi wayaulize hayo kabla ya kupeana mikono.

Na kijana wa nyumba ya video aendelee kubisha. Amwulize mwenzake kama damu ile ni rangi, na kama nyota aliruka kweli. Kisha aongeze swali ambalo simu haikumsomea: nani alishika kamba?