Asilimia 30 ya tenda ni ya vijana, ila nyanya za Kagio hazikopeshwi

Ukishuka Kagio asubuhi na mapema utakuta malori yakipakiwa nyanya za Mwea. Wanaobeba masanduku ni vijana. Broka ndiye anayejua bei ya Nairobi, mkulima anatajiwa tu, na kijana analipwa kwa kila sanduku alilobeba. Jioni kijana huyohuyo anafungua simu na kusoma kwamba serikali imemtengea asilimia 30 ya tenda zake.

Si porojo. Mpango huo, unaojulikana kama AGPO, ulizinduliwa 2013 kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu, kisha ukatiwa nguvu na sheria ya ununuzi wa umma ya 2015. Sheria hiyo pia inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 20 ya ununuzi wake kwa wakazi wake. Kwa hivyo hospitali ya umma Kirinyaga ikitaka nyanya, au shule ya upili ya umma ikitaka maharagwe, mtu wa Kagio ana haki ya kuwa kwenye foleni, tena karibu na mbele.

Hata kuingia si kugumu kama watu wanavyodhani. Cheti cha AGPO ni bure (anayekuitisha pesa anakula jasho lako). Mkiwa kampuni, angalau asilimia 70 ya wanachama wawe wa kundi lengwa, na viongozi wote wawe wa kundi hilo. Kwa tenda zilizotengwa huhitaji dhamana ya benki, unajaza fomu ya kiapo tu. Waliotunga sheria walijua kijana hana shamba la kuweka rehani.

Shida inaanza siku unayoshinda.

Tuseme wewe na wenzako watatu mmepata tenda ya mboga ya Sh200,000. Sokoni Kagio hakuna anayekupa nyanya kwa karatasi ya LPO. Mkulima anataka pesa mkononi, mwenye pikapu vilevile. Hustler Fund, iliyoanza Novemba 2022, riba yake ni nafuu, asilimia 8 kwa mwaka, lakini ilipoanza mkopo wa mtu binafsi uliishia Sh50,000, na anayeanza hupewa kidogo sana. Mnachanga, mnakopa chama, mnapeleka mboga. Halafu mnangoja. Shule inangoja pesa kutoka wizarani, kaunti inangoja mgao kutoka Hazina Kuu, nanyi mko mwisho wa mnyororo huo. Kufikia Juni 2024, kaunti kwa jumla zilikuwa na madeni ya zaidi ya Sh180 bilioni. Ndani ya hesabu hiyo wamo wakandarasi wakubwa, ndiyo, lakini mkubwa anaweza kungoja mwaka mzima kwa sababu ana kazi nyingine tano. Nyinyi mnaweza kungoja wiki ngapi?

Basi anayefaidika ni nani? Mwenye mtaji tayari. Anatafuta vijana wawili wenye vitambulisho, anasajili kampuni kwa majina yao, anafadhili mzigo, na malipo yakija anawarushia kitu kidogo. Kwenye ripoti inaandikwa kwamba vijana wamepewa tenda. Na kusema kweli, wale vijana hawakuibiwa kwa nguvu. Walipiga hesabu wakaona heri hicho kidogo kuliko deni.

Sheria haikusahau kabisa jambo hili. Kifungu cha 140 kinasema taasisi inayochelewa kulipa itoe riba, isipokuwa mkataba useme vingine. Lakini ni nani atamdai riba mteja ambaye anataka ampe tenda tena muhula ujao? India walilitazama hili tofauti. Sheria yao ya 2006 ya biashara ndogo inampa mnunuzi siku zisizozidi 45. Akipita hapo, riba inapanda kila mwezi kwa kiwango mara tatu ya kile cha benki kuu. Si kwamba kila mtu kule hulipwa kwa wakati, lakini kuchelewa kumewekewa bei. Kwetu, miswada ya kulazimisha malipo ya haraka imefikishwa bungeni zaidi ya mara moja, huku kila rais na kila gavana akizungumzia hiyo asilimia 30 kama kazi iliyokwisha.

Kwa anayetaka kujaribu hata hivyo: omba tenda ndogo, ile ambayo hata ikikwama miezi sita kodi ya nyumba haitaguswa. Ukipata LPO, uliza kuhusu mkopo wa LPO katika Hazina ya Vijana kabla ya kugusa programu za mikopo kwenye simu. Soma kipengele cha malipo kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi, kwa sababu maneno machache pale yanaweza kukunyima ile riba. Na usipeleke hata sanduku moja kwa agizo la mdomo. Bila LPO iliyotiwa sahihi, huna cha kudai.