Gari la Baba na Mteremko wa Wami

Atokaye Bagamoyo kwa njia ya lami husafiri kilometa 64 hivi hadi Msata, mahali anapokutana na barabara kuu itokayo Chalinze. Akishika mkono wa kulia kuelekea Segera, mbele yake upo Mto Wami. Daraja la zamani la mto huo, lililojengwa mwaka 1959, lilikuwa jembamba, na miteremko yake ilikuwa mikali. Daraja jipya lilianza kutumika mwaka 2022. Hata hivyo, dereva mwenye gari kuukuu hana budi kujiuliza: je, litasimama?

Zipo familia zilizorithi Peugeot 404, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Limelala bandani miaka mingi. Sasa watoto wanataka kulifufua. Fedha zikipatikana, wengi hukimbilia rangi na viti. Huko ni kuanza na mwisho.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, nao mwambao wetu hauna uhaba wa unyevu. Maji hayo huleta kutu ndani ya silinda. Breki zikipata joto mteremkoni, maji huchemka yakawa mvuke. Mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo.

Kwa hiyo, mwombe fundi amwage mafuta yote ya zamani na kuzifungua silinda zote. Iliyoliwa na kutu ndani ibadilishwe, pamoja na mipira yote na mabomba yanayopindika. Mipira hiyo isioshwe kwa petroli wala mafuta ya injini, kwa maana huvimba na kuharibika. Mwisho, upepo utolewe katika kila gurudumu mpaka pedali iwe ngumu.

Tahadhari nyingine: breki za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani. Vumbi lisipulizwe, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na watoto wakae mbali.

Magurudumu nayo yasisahauliwe. Beringi zioshwe na kutiwa grisi mpya. Rimu zikaguliwe kwenye matundu ya nati. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka: tazama tarakimu nne ubavuni, 2315 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Nati zikazwe kwa kukingama, kisha zikazwe tena baada ya mwendo mfupi.

Baada ya hayo lijaribu gari polepole, mahali pasipo watu. Mama na watoto wapande siku litakaposimama sawasawa, halikwendi upande. Rangi itangoja mwaka ujao. Gari lililochujuka likafika Tanga salama ni heshima ya kutosha kwa baba aliyeliacha.