Joto la ardhini likaushe kakao kwanza

Mvua zikishika Beni, kakao haikauki. Mkulima anaitandaza juu ya turubai asubuhi, saa sita anaikimbiza ndani, na baada ya siku chache punje zinashika ukungu na mnunuzi anakata bei. Anayekausha kwa kuni naye anapata shida yake: moshi unaingia kwenye kakao, na miti inazidi kuisha. Mazungumzo juu ya jotoardhi, yaani joto linalopanda kutoka chini ya ardhi, yangeanzia hapo.

Lakini wakubwa wakilitaja, wanataja megawati. Kongo ilishapita njia hiyo. Mwaka 1952, huko Kiabukwa, Katanga, Wabelgiji walijenga mtambo wa umeme uliotumia maji ya nyuzi 91, wa kwanza wa aina hiyo Afrika. Ulitoa takriban kilowati 200 tu, kisha ukaachwa. Kwa umeme, maji ya nyuzi 91 ni dhaifu. Kwa kukausha yanatosha na kubaki, maana kakao haitaki hewa inayopita nyuzi 60. Maji yanapita katika mabomba, feni inapuliza hewa juu yake, hewa yenye joto inaingia chumba cha kukaushia. Moshi hakuna.

Kenya wanafanya hivyo. Huko Eburru mvuke ulikausha pareto tangu enzi za ukoloni. Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kupasha joto nyumba za mimea usiku, ili unyevu upungue na magonjwa ya ukungu yasishike maua. Ukungu ndio unaomsumbua pia mkulima wa Beni.

Je, joto hilo liko wapi kwetu? Mayi ya Moto ya Rutshuru jina lake linatosha, ila iko mbali na vita vimeizunguka. Karibu zaidi ni Sempaya, ng'ambo ya Semuliki upande wa Bundibugyo, ambako wageni wanachemsha mayai ndani ya chemchemi. Ufa wa ardhi unaotoa maji hayo unafuata bonde lote, kwa hiyo ni halali kutafuta pia upande wa Watalinga. Butembo isidanganywe: baridi yake inajulikana, lakini joto halisafiri kwenye waya kama umeme. Kikaushio lazima kiwe jirani na chemchemi, kakao na kahawa ndizo zisafiri.

Wengine watasema ADF kwanza. Ni kweli, hakuna atakayechimba kisima watu wakiuawa mashambani. Ila kupima chemchemi hakuhitaji mashine kubwa. Panapofikika, Chuo Kikuu cha Graben cha Butembo, chenye kitivo cha kilimo, kinaweza kutuma wanafunzi na kipimajoto, pamoja na vyama vya wakulima, ambavyo ndivyo vingemiliki vikaushio. Wachukue pia maji wakayapime madini: maji ya namna hiyo huacha ukoko ndani ya mabomba, na bomba lisilofunguka kirahisi litaziba.